Okidi ya juu ya mwembe: je, mbegu bandia zitakaa kwenye jokofu kwa miaka?

Mwalimu mmoja mstaafu wa Muheza, mkoani Tanga, ameniandikia kwamba juu ya mwembe wa uani kwake kuna okidi ya aina ya Ansellia africana, ile yenye maua ya manjano yaliyotapakaa madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, ambayo msimu huu imefunga matunda matatu. Mara mbili amekwisha kuzipanda mbegu zake, kwanza katika udongo wa msituni, kisha katika makumbi ya nazi, na hakuna kilichoota. Sasa mwanawe amemsimulia habari za “mbegu bandia” za okidi zinazotengenezwa maabara, zinazofanana na punje za jeli. Anauliza kama anaweza kuzitengeneza nyumbani, akazihifadhi katika jokofu kwa miaka, na kuwauzia wenzake wazipande kama wanavyopanda mahindi.

Shikamoo Mwalimu. Punje hizo zipo kweli na kuzitengeneza si uchawi, lakini hazikai katika jokofu kwa miaka, wala hazipandwi kama mahindi. Kitu kinachoweza kukaa kwa miaka ni lile vumbi la mbegu halisi ulilolimwaga katika udongo na makumbi, endapo utalikausha vizuri. Kwa hiyo mambo matatu ambayo mwanao ameyaweka katika kapu moja, yaani kuzalisha, kuhifadhi na kusafirisha, ni afadhali tuyatenganishe, kwa sababu kila moja lina njia yake.

Tuanze na kwa nini hakikuota kitu. Punje ya mhindi huja na akiba yake ya wanga, ambayo huulisha mche mpaka utoe majani na kujitegemea. Mbegu ya okidi haina akiba hiyo. Ni kiinitete kidogo mno, chenye seli mia moja hivi, kilichofungwa katika ganda jembamba lenye hewa nyingi, ndiyo maana upepo huipeperusha kama vumbi na ndiyo maana tunda moja huweza kubeba maelfu kwa maelfu ya mbegu, na katika aina nyingine hata kupita milioni moja. Ikiangukia kwenye gome la mti, mbegu hiyo husubiri nyuzi za kuvu fulani ziingie ndani yake na kuiletea sukari. Isipokutana na kuvu inayofaa, hufa. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1899 na Mfaransa Noël Bernard, alipokuta miche michanga ya okidi ya msituni ikiwa imejaa nyuzi za kuvu. Udongo wako na makumbi yako huenda vilikuwa safi na vyenye rutuba, lakini kuvu hiyo haikuwamo.

Mwaka 1922, Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kwamba ukiipa mbegu ya okidi sukari pamoja na chumvi za madini ndani ya chupa isiyo na vijidudu, huota bila kuvu. Uzalishaji wote wa okidi kwa njia ya chupa umejengwa juu ya jambo hilo moja, na naomba ulishike, kwa sababu litajibu pia swali lako kuhusu mbegu bandia: sukari ndiyo iliyochukua nafasi ya kuvu. Sukari hiyohiyo ndiyo inayopendwa na ukungu na bakteria, nao hukua kwa siku mbili tatu wakati mbegu yako inahitaji wiki kadhaa hata kuvimba tu. Ukiacha mlango wazi, wao ndio watakaokula.

Kwa sababu hiyo napendekeza uchume tunda moja likiwa bado bichi, limekomaa lakini halijapasuka, pengine ncha yake imeanza tu kugeuka manjano. Tunda ambalo halijapasuka ni chupa safi iliyotengenezwa na mmea wenyewe. Uchafu wote uko nje, ndani hakuna kijidudu. Utalisugua kwa sabuni na mswaki laini, ulitumbukize katika jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya jiki kwa sehemu mbili za maji, kwa dakika 15 hadi 20, kisha ulichovye katika spiriti ya asilimia 70 na kulipitisha haraka kwenye moto wa kibatari cha spiriti. Chupa ya spiriti iwe mbali na moto huo, na mikono yenye glavu iliyolowa spiriti isiusogelee. Hapo unalipasua kwa wembe uliochomwa na kunyunyiza vumbi lake juu ya chakula kilichoganda ndani ya chupa. Mbegu zilizokwisha kumwagika kutoka kwenye tunda lililopasuka nazo husafishika, kwa jiki nyepesi zaidi yenye tone la sabuni ya maji, dakika tano hadi kumi, lakini kila dakika unayoiongeza huua uchafu pamoja na baadhi ya mbegu.

Chakula chenyewe hutengenezwa kwa mchanganyiko wa chumvi ambao wanasayansi Murashige na Skoog waliutangaza mwaka 1962 na ambao bado unatumika katika maabara nyingi za mimea duniani. Okidi huupenda ukiwa nusu ya kipimo. Kwa lita moja huongezwa sukari gramu 20, aga gramu 7 hadi 8 ili ugande, na uchachu hurekebishwa uwe kati ya pH 5.6 na 5.8. Mimi huongeza pia mililita 100 hadi 150 za maji ya dafu yaliyochujwa. Si mazoea tu ya watu wa pwani: maji ya nazi yamekuwa yakitumika katika ukuzaji wa viinitete vya mimea maabara tangu mwaka 1941, kwa sababu yana homoni zinazochochea seli kugawanyika. Chupa zikishafungwa hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi joto 121, kwa dakika 15 hadi 20. Sufuria la presha la nyumbani linafika huko au karibu na huko, na kwa sanduku la plastiki lenye matundu mawili ya mikono, lililofutwa kwa spiriti na kuachwa likauke kabla ya kuwasha kibatari, mtu mwangalifu anaweza kupata chupa safi kadhaa. Nasema kadhaa, Mwalimu. Tarajia kupoteza nyingi mwanzoni.

Chupa zilizosalimika huwekwa mahali penye mwanga wa wastani na joto la nyuzi 25 hivi. Baada ya wiki kadhaa utaona kitu ambacho mpaka leo bado hunifanya niinue chupa kuelekea dirishani: lile vumbi la rangi ya maziwa huvimba, likageuka kuwa vitufe vidogo vya kijani, vyenye vinyweleo vyeupe upande wa chini na kinundu upande wa juu, mahali litakapochomoza jani la kwanza. Kitufe hicho huitwa protokomu. Si mbegu tena, na bado si mche. Kina sifa moja kubwa, kwamba ukikikata vipande viwili na kuviweka katika chakula chenye kiasi kidogo cha homoni, kila kipande huweza kuzaa vitufe vingine kadhaa. Mwaka 1960 Mfaransa mwingine, Georges Morel, alitangaza kwamba vitufe kama hivyo vinaweza kupatikana hata kutokana na ncha ya chipukizi la okidi iliyokwisha kukua, kazi aliyoianza akitafuta namna ya kuziondolea okidi virusi. Kwa njia hiyo okidi moja bora iligeuka kuwa maelfu yanayofanana nayo, na ua lililokuwa la matajiri likafika mpaka kwenye maduka ya vyakula ya Ulaya.

Sasa tufike kwenye mbegu bandia, kwa sababu hutengenezwa kutokana na vitufe hivyohivyo. Utachukua vitufe vyenye ukubwa wa milimita mbili hadi nne, uvichanganye katika uji mzito wa alginati ya sodiamu (unga wa kugandisha unaotoka katika mwani), gramu 30 kwa lita, uliotengenezwa kwa chakula kilekile cha chupa ila kalsiamu imeondolewa. Kisha kwa pipeti yenye mdomo mpana unadondosha tone mojamoja, kila tone na kitufe chake, ndani ya maji yenye kalsiamu kloridi, gramu 14 hadi 15 hivi kwa lita ikiwa ni ile chumvi iliyoshika maji. Tone likigusa maji hayo ngozi yake hukaza papo hapo, kwa kuwa kalsiamu huifukuza sodiamu na kuzifunga nyuzi za alginati pamoja. Ndiyo sababu haikutakiwa kuwamo katika uji tangu mwanzo. Unazikoroga taratibu kwa dakika 20 hadi 30, unazisuuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwa presha, na mkononi unabaki na lulu laini, angavu, yenye nukta ya kijani katikati. Uji ukiwa mwepesi, punje hubonyea na kushikana; ukizidisha alginati, ganda huwa gumu na chipukizi hushindwa kutoboa.

Kwa kuwa unatoka Tanga, huenda utauliza kama mwani wa kwetu hauwezi kutoa alginati hiyo. Mwani unaolimwa na kina mama wa pwani yetu na wa Unguja na Pemba ni mwekundu kwa jamii, hata ukionekana wa kijani au kahawia, na hutoa karajini, ambayo ni kitu kingine. Alginati hutoka katika mwani wa kahawia, kama ule Sargassum ambao mawimbi huusukuma ufukweni bila mtu kuujali. Kuuchuja mpaka ufae kwa kazi hii si kazi ya jikoni, alginati hununuliwa.

Lulu hizo ni nzuri kuzitazama, na kwa kweli zilipoanza kuzungumzwa katika miaka ya 1970 na 1980 wengi waliamini zitachukua nafasi ya miche. Kwa okidi hazikufanya hivyo, na sababu ni ileile sukari. Kitufe kilichomo ndani bado hakina akiba, kwa hiyo lazima jeli inayokizunguka iwe na sukari. Ukiipanda punje hiyo moja kwa moja katika makumbi au gome, kuvu za mahali hapo huivamia jeli kabla kitufe hakijatoa mzizi. Kuna wanaoongeza dawa ya ukungu katika jeli, na wapo waliofanikiwa kuotesha kiasi fulani, lakini kwa kawaida punje hupandwa tena ndani ya chupa safi. Mnunuzi wako, basi, angehitaji maabara kama ya kwako. Ukimwambia azipande kama mahindi, utakuwa umemuuzia chakula cha ukungu.

Na jokofu? Kitufe kilichomo ndani ya jeli ni kibichi, kimejaa maji, kinapumua. Baridi hukipunguzia kasi tu. Taarifa zilizochapishwa kuhusu okidi mbalimbali huonyesha muda wa wiki kadhaa hadi miezi michache, na okidi za nchi za joto mara nyingi huumizwa na nyuzi joto nne za jokofu la kawaida, kiasi kwamba baadhi yake hudumu zaidi zikiwekwa kwenye nyuzi 10 hadi 15, au hata katika joto la chumba chenye ubaridi. Niliwahi kuziweka punje zangu nyuma kabisa ya jokofu, karibu na ukuta wa barafu. Nilipozitoa zilikuwa bado angavu, nikafurahi. Baada ya saa chache katika joto la chumba zililegea na nukta ya kijani ikawa ya rangi ya chai. Barafu ilikwisha kupasua seli zote, nami nilikuwa nahifadhi maiti.

Sisemi kwamba mbegu bandia hazina kazi. Zinafaa pale unapokuwa na okidi moja iliyochaguliwa, ambayo kwa mbegu za kawaida haitazaa watoto wanaofanana nayo, ukataka kupeleka vitufe vyake kwenye maabara nyingine kwa basi la siku mbili bila kubeba mzigo wa chupa. Zinafaa pia kama hatua ya kwanza ya hifadhi ya muda mrefu kabisa, ambapo punje hulowekwa katika sukari nyingi, hukaushwa mpaka ibaki na unyevu kidogo, kisha hutumbukizwa katika naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Hapo uhai husimama kabisa, na kwa hesabu za nadharia hakuna mwisho wa muda. Mitungi ya naitrojeni hiyo unaweza kuwa umeiona kwa wataalamu wa uhamilishaji wa ng'ombe. Kituo cha Taifa cha Uhamilishaji cha Usa River, Arusha, huhifadhi mbegu za madume kwa njia hiyo. Lakini kila aina ya okidi hudai vipimo vyake vya kukausha, na mtungi usipojazwa kwa wakati kila kilichomo hupotea. Ni kazi ya taasisi, si ya uani.

Kazi ya uani ni kukausha mbegu halisi, nami nashangaa kwamba watu huiruka ili wakimbilie jeli. Mbegu ya okidi ni kavu kwa asili, na nyingi huvumilia kukaushwa zaidi. Zichukue kutoka kwenye tunda lililoanza kufunguka, kabla ya mvua kulilowesha, uzichekeche juu ya karatasi ili vipande vya ganda vibaki, kisha uzifunge katika kijibahasha cha karatasi ya kuchujia. Kiweke ndani ya mtungi wa kioo pamoja na silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, kwa wiki moja. Kalsiamu kloridi ileile tuliyoitumia kukazia jeli inafaa pia: ukiilowesha kidogo mpaka iwe kama chumvi nzito yenye maji, hewa ya mtungi uliofungwa hutulia kwenye unyevu wa asilimia 30 hivi, ambao unatosha kukausha bila kuzidisha. Halafu hamishia mbegu katika kichupa kidogo cha kioo chenye kifuniko cha kukaza, nacho ukiweke katika jokofu, nyuzi joto nne. Mbegu kavu haiumizwi na baridi kama kitufe kibichi, kwa kuwa hakuna maji ya kuganda. Zikiwa zimekaushwa vizuri, mbegu za okidi nyingi hubaki hai kwa miaka kadhaa namna hiyo, na benki za mbegu, kama ile ya bustani za mimea za Kew iliyoko Wakehurst, Uingereza, huzishusha mpaka nyuzi joto 20 chini ya sifuri. Kinachoziua kwa kawaida ni unyevu unaoingia kila kichupa kinapofunguliwa, kwa hiyo zigawe katika vichupa vingi vidogo na ufungue kimoja kwa wakati mmoja.

Kabla ya kuhangaika na mbegu zozote, ziangalie kwa hadubini, hata ile ya shule. Mbegu nzima ina nukta nene katikati ya ganda lake. Mbegu kapa ni ganda tupu. Matunda yanayotokana na mmea kujichavusha wenyewe mara nyingi huwa na makapa mengi, na miche yake inaweza kuwa dhaifu. Kama jirani ana Ansellia nyingine, msimu ujao chukua kijiti cha meno, toa vibonge vya chavua kutoka ua la huko na uvibandike kwenye ua la kwako.

Nigusie pia mahali ambapo miche mingi hufa baada ya kazi yote hiyo, yaani siku ya kuitoa chupani. Majani yaliyokulia katika hewa yenye unyevu uliojaa hayajui kuzuia maji yasipotee. Osha aga yote kwenye mizizi, kwa sababu nayo ina sukari, panda katika vipande vya mkaa na makumbi, funika kwa plastiki, na ufungue kidogokidogo kwa wiki tatu au nne chini ya wavu wa kivuli. Makumbi, tafadhali, yaloweke na kuyamwaga maji mara kadhaa, hasa kama ni yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kutengeneza kamba, maana chumvi yake huchoma mizizi michanga. Kutoka hapo hadi ua la kwanza hesabu miaka isiyopungua mitatu, na mara nyingi zaidi.

Kuhusu kuuza: okidi zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na Ansellia iko katika Kiambatisho cha II. Miche ya okidi za kiambatisho hicho iliyozalishwa maabara na kusafirishwa ikiwa bado ndani ya chupa safi imesamehewa kibali cha CITES, lakini cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu nchini, bado kinahitajika kwa kutoka nje ya nchi, na mmea mama lazima uwe umepatikana kihalali. Wa kwako umejiotea juu ya mwembe wako. Usishawishike kuongeza mingine kutoka Amani au msitu mwingine wa hifadhi bila kibali.

Kwa matunda matatu uliyonayo ningefanya hivi. Moja lichume bichi, ulifunge katika karatasi na kulipeleka ndani ya siku mbili tatu kwa watu wenye maabara ya tishu, yaani ya kukuza mimea ndani ya chupa. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mikocheni, Dar es Salaam, wana uzoefu wa kazi hiyo, ingawa si kwa okidi hasa, na inafaa uwapigie kwanza. La pili livalishe soksi nyepesi ya nailoni likiwa mtini, lipasukie humo, ukaushe mbegu zake kama nilivyoeleza. La tatu liache lipasuke na kupeperusha. Magome ya mwembe wako yana kuvu ambayo udongo wako haukuwa nayo, la sivyo hiyo okidi isingekuwa hapo juu, na mvua za masika zikipita, kague matawi ya karibu kwa kioo cha kukuzia.